Gari zima Dar, Ibaba linachemsha: kagua kifuniko kabla ya kufungua injini

Wafanyabiashara wa mazao wanaotumia magari madogo ya mizigo mkoani Songwe wanaweza kukutana na hali hii. Gari lililotumika limenunuliwa Dar es Salaam, limejaribiwa mjini na kuonekana zima. Likipakiwa mbolea na kuanza kupanda kwenda Ibaba, wilayani Ileje, maji yanaruka kutoka kwenye rejeta. La kushangaza, geji ya joto imesimama katikati na haijagusa alama nyekundu.

Fundi wa kwanza anasema gasketi ya silinda hedi imeungua. Wa pili anang'oa themostati na kuitupa. Wa tatu anashauri rejeta mpya. Mwenye gari analipa mara tatu, na safari inayofuata gari linachemsha tena.

Ufumbuzi wa kitendawili hiki uko kwenye mwinuko wa mahali. Usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 100 za Sentigredi. Kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa hupungua na maji huchemka mapema zaidi. Kwenye mita 2,000, kimo ambacho baadhi ya milima ya Ileje inakipita, maji huchemka kwa nyuzi 93 hivi. Injini, kwa upande wake, haibadiliki kwa sababu imepanda mlima. Themostati nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 au 88, na injini yenye mzigo mlimani hufikia nyuzi 95 bila kuwa na ugonjwa wowote.

Kinachozuia maji hayo yasichemke ni kifuniko cha rejeta. Vifuniko vingi vya magari ya Kijapani vimepigwa chapa ya 0.9 au 1.1, yaani mgandamizo kwa kilo katika kila sentimita moja ya mraba. Kifuniko cha 0.9 kikiwa kizima, hata kwenye mita 2,000 maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 110. Springi yake ikilegea au mpira wake ukipasuka, kinga hiyo inatoweka na gari linabaki na zile nyuzi 93. Dar es Salaam kasoro hiyo hiyo hujificha, kwa kuwa maji yana nafasi hadi nyuzi 100 na hakuna mlima mrefu wa kupanda na mzigo.

Kwa hiyo geji iliyosimama katikati haikudanganya. Joto lilikuwa la kawaida, ila maji hayakuwa na kitu cha kuyazuia. Hata hivyo, dereva asiitegemee geji baada ya maji kumwagika. Kipimo kikibaki kwenye mvuke badala ya maji, mshale unaweza hata kushuka huku injini inaungua. Maji yakianza kuruka, simama.

Kabla ya kuidhinisha matengenezo, mwenye gari amwulize dereva swali moja: gari linachemsha wakati gani? Majibu yake yanaelekeza sehemu tofauti.

Likichemsha limesimama, kwa mfano kwenye foleni ya malori Tunduma, na kupoa likikimbia, shaka iwe kwenye feni, klachi yake au mkanda wake. Mshale ukipanda hadi nyekundu mlimani na kushuka kwenye tambarare, tazama rejeta iliyoziba au pampu ya maji iliyochoka. Maji yakimwagika na mshale uko katikati, anza na kifuniko. Mshale ukikaa chini safari nzima, hasa asubuhi za baridi, huenda themostati iling'olewa au imekwama wazi. Gari la namna hiyo hula mafuta zaidi na injini yake huchakaa mapema, kwa sababu haipati joto lake.

Gasketi nayo ina dalili zake. Injini ikiwashwa ya baridi, kifuniko kikiwa wazi, mapovu hayakomi kwenye rejeta. Mpira wa juu unakuwa mgumu katika dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata moto. Mafuta ya injini yanaweza kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ukiyaona hayo, fundi wa kwanza alikuwa sahihi, na gari lisitembee tena kabla ya kutengenezwa.

Kifuniko chenyewe hukaguliwa injini ikiwa imepoa kabisa. Kukifungua kikiwa cha moto ni kujitakia majeraha. Bonyeza springi na utazame mpira. Tazama pia chupa ya akiba: ikiwa imejaa wakati rejeta imepungukiwa, au mpira wa juu umebonyea injini ikipoa, vali ndogo ya kurudisha maji haifanyi kazi. Unaponunua kingine, chapa ifanane na ile iliyoelekezwa na mtengenezaji wa gari. Kikubwa zaidi kinaweza kupasua mipira iliyozeeka.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme gari linamwingizia mwenyewe shilingi 80,000 kwa siku baada ya kutoa mafuta. Likikaa gereji siku 6 hedi ikifunguliwa, mapato yaliyopotea ni shilingi 480,000, kabla ya kulipa fundi na spea. Mahindi na maharage yaliyokuwa yakisubiri kushuka Tunduma nayo yanaweza kukuta bei nyingine, na kama gari lilinunuliwa kwa mkopo, marejesho hayasubiri gereji. Kifuniko kipya ni miongoni mwa spea za bei ndogo kabisa kwenye gari.

Mwekezaji mdogo hujifunza kutotoa mtaji mkubwa kabla ya kufanya uchunguzi wa gharama ndogo. Kanuni hiyo hiyo itumike gereji: anza na kipimo cha bei nafuu, kisha panda. Na kwa anayekwenda Dar es Salaam kutafuta gari la kazi ya Ileje, jaribio la barabara ya tambarare bila mzigo halitoshi. Afungue kifuniko, injini ikiwa ya baridi, kabla ya kufungua pochi.