Ukikwea Pipa, Sura ya Jirani Sio Kiki Yako

Wanangu, hii ishu ya kurekodi ndani ya pipa nimekaa nayo kooni tangu mwaka 2024. Leo naitema.

Kwa wasiopajua kwetu: Mlali ni Kongwa, Dodoma. Basi linakushusha Pandambili kwenye barabara kuu ya Dar, unadaka boda, unakula vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Huku mtu akikwea pipa kitaa kizima kinajua kabla hajafika uwanjani. Kwa hiyo mwana akipanda mara ya kwanza, simu lazima itoke. Bawa, mawingu, ile soda ndogo, mashamba ya mahindi na alizeti yanavyoonekana kama viraka vya kitenge. Hapo sina neno, rekodi mpaka chaji iishe. Na mimi nilirekodi.

Mwanzoni mwa 2024 bibi yangu alikuwa anasumbuliwa na nyonga. Kliniki ni Dar, na basi kutoka Dodoma ni safari ya kutwa. Treni ya SGR ilikuwa bado haijaanza kuleta abiria Dodoma, ilianza Julai mwaka huohuo. Mjomba akajipinda, akakata tiketi mbili za ndege, ya bibi na ya kwangu mimi wa kumshika mkono.

Pale uwanja wa Dodoma unatembea kwa miguu mpaka kwenye ngazi. Bibi alipanda kidato kimoja kimoja, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine begani kwangu. Alipofika juu mlangoni akasimama. Akavua kandambili zake, akazigonganisha taratibu zidondoshe vumbi, akazishika mkononi. Ndivyo anavyofanya siku zote akiingia nyumba ya watu anaowaheshimu. Dada mhudumu akainama, akamwambia kwa sauti ya chini, "Vaa tu bibi, karibu." Bibi akavaa, akaingia, akasalimia pipa zima kwa mpigo: "Mbukwenyi!" Wazee wawili wa nyuma wakaitikia kwa furaha kabisa. Wengine kimya, wako na simu.

Mkanda ulimtesa. Alikuwa anautafutia fundo. Nikainama kumfungia, na hapo ndipo nilipomuona mchizi wa upande wa pili wa njia. Simu ameiegesha kifuani kama anasoma meseji, ila kioo kinaonesha sekunde zinakimbia. Nikajua anajirekodi mwenyewe. Nikanyamaza.

Siku ya tatu tuko Dar, simu yangu ikaanza kuita kutoka Mlali. Video imetua kwenye grupu la kitaa. Sekunde kumi na kitu tu: bibi na kandambili mkononi, bibi anasalimia watu wasioitikia, bibi anahangaika na mkanda. Chini yake wimbo wa kuchekesha na maneno kuhusu washamba. Washkaji waliotambua kile kitenge walinipigia kunipa pole. Wasiokitambua waliifowadi.

Nimeiangalia ile video mara nyingi kuliko inavyofaa, na kila nikiiangalia naona kitu kilekile. Walichocheka ni adabu. Mtu amevua viatu mlangoni, amesalimia waliokaa kabla hajakaa. Kwetu asiyefanya hivyo ndiye anayeonekana hajalelewa.

Na kuna kitu kuhusu pipa ambacho wana hawakifikirii. Kwenye daladala mtu akikuzingua na simu yake unamwambia konda "shusha", unasepa. Mtaani unavuka barabara. Stendi unageuza mgongo. Angani umefungwa mkanda, kiti chako kimeandikwa namba, kushoto mtu, kulia mtu, na saa nzima huna pa kwenda. Ukisinzia mdomo wazi, ukilia, ukitapika kwenye ule mfuko wa karatasi, ni mbele ya watu ambao hukuwachagua. Kamera inayokukuta hapo imekukuta huna mlango wa kutokea. Halafu jiulize nani anakata tiketi ya ndege ghafla huku kwetu. Mara nyingi ni mgonjwa, au mtu anayewahi msiba, au binti anayeenda kazini Uarabuni na hajui atarudi lini. Sio wote wako likizo.

Wengi wakibanwa wanasema "kwani kuna sheria?" Ipo. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya mtu. Bunge likatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, ikaanza kazi tarehe 1 Mei 2023. Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia tarehe 3 Aprili 2024, wiki chache tu baada ya bibi yangu kuchekwa. Habari za afya ya mtu sheria hiyo inaziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Bibi anayekwenda kliniki, anachechemea kwenye ngazi, hiyo ni afya yake ile.

Majirani zetu Kenya wameshaonesha kwamba sura ya mtu ina bei. Septemba 2023 ofisi yao ya kamishna wa data iliipiga klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake. Shule moja ikalimwa 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hao walikuwa wafanyabiashara, ni kweli, lakini yule mchizi wa upande wa pili wa njia naye alikuwa anatafuta wafuasi. Mtaji wake ulikuwa sura ya bibi yangu.

Kinachofanya pipa liwe gumu zaidi ni kwamba linapita juu ya mipaka. Mwaka 2012 huko Japani jamaa alidakwa kwa kumrekodi mhudumu wa ndege kwa siri, chini ya sketi. Kesi ikakwama, kwa sababu sheria zilizokuwepo zilikuwa za mikoa, na ilikuwa kazi kuthibitisha kwamba sekunde ile ndege ilikuwa juu ya mkoa upi. Fikiria dada wa watu amedhalilishwa, mhusika ameshikwa na ushahidi, halafu anaachiwa kwa sababu ya mstari wa ramani. Ilibidi wasubiri hadi Julai 2023 ndipo sheria ya nchi nzima ya kuzuia kupiga picha za namna hiyo ikaanza kutumika. Kwa safari za kimataifa kuna Mkataba wa Tokyo wa 1963, unaoipa mamlaka nchi ambako ndege imesajiliwa na kumpa rubani mkuu nguvu ya kumdhibiti anayevuruga usalama au utulivu ndani. Kwa hiyo mhudumu akikuambia zima kamera, usianze kumletea ubishi wa kijiweni. Nyuma yake yupo rubani.

Na hata video yenye nia njema inachoma. Julai 2018, kwenye ndege ya New York kwenda Dallas, dada mmoja alibadilishana siti na abiria mwenzake. Kisha akaanza kuposti stori ya huyo mwenzake na kaka aliyekaa naye, kwamba mapenzi yanazaliwa siti ya mbele. Mtandao ukashangilia. Watu wakamtafuta yule mwanamke mpaka wakamjua ni nani, wakamtukana, akafunga akaunti zake. Baadaye akasema kupitia mwanasheria wake kwamba hakuomba lolote kati ya hayo. Aliyeposti akaomba radhi, lakini hapo maji yalikuwa yameshamwagika.

Sisemi kamera izimwe daima. Aprili 2017, Chicago, abiria mzee aliburutwa chini na walinzi kutolewa kwenye siti aliyoilipia, damu mdomoni. Simu za abiria wenzake ndizo zilizoionesha dunia ukweli. Mnyonge akionewa, rekodi, na hakikisha video inamfikia anayeweza kumsaidia. Ila tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipotumbukia Ziwa Victoria pale Bukoba, na watu 43 ndani, wavuvi waliwahi na mitumbwi yao. Ishirini na wanne walipona, kumi na tisa tukawazika. Picha za siku ile ziliruka kila grupu. Mimi nilipokea, na nilizifowadi kabla sijajiuliza kama mama wa mtu ameshaambiwa. Hilo linanisumbua mpaka leo, na ndiyo maana naongea.

Sasa mimi nikikwea nafanya hivi. Simu naigeuzia dirishani. Nikitaka kujirekodi na jirani anaingia kwenye fremu, namwambia, "Samahani mama, najirekodi kidogo, utaonekana, ni sawa?" Wengi wanacheka wanakubali, wengine wanajiweka vizuri kabisa. Mzee mmoja alikataa, nikageuka, stori zikaendelea mpaka tunatua. Mtoto wa mtu simgusi bila mzazi. Mhudumu akionesha mlango wa dharura na jaketi la kuokolea, simu inashuka kabisa, maana pale anafundisha namna ya kutoka hai. Na pale kwenye ukaguzi wa mizigo usijaribu hata selfi.

Bibi tulimuonesha ile video baadaye, maana Mlali angeoneshwa tu na mtu mwingine. Aliishika simu mbali na macho, akaangalia mpaka mwisho, akarudishiwa, akaangalia tena. Nilikuwa najiandaa kwa machozi.

"Mume wangu," akaniambia, ndivyo anavyoniita, "huyu kijana mbona hakuniambia? Ningefunga kilemba changu vizuri."

Juzi imerudi tena, imewekewa wimbo mpya. Nikamfuata mwana aliyeituma, dereva boda wa pale Pandambili, ninayemjua tangu darasa la pili. Nikamuomba aifute. Akaniuliza kwa nini namaindi kitu kidogo hivyo. Nikamwambia yule ni bibi yangu.

Akashuka kwenye pikipiki. Akavua kofia. "Dah, nisamehe mwanangu," akasema, huku kidole kinatafuta pa kufutia. "Ningejua ni bibi yako nisingeituma."