Kabla hujauza Peugeot 504 ya marehemu kwa kilo, fanya hesabu hii



Hapa Ganjoni kuna nyumba ambazo nje yake, chini ya mwarubaini, limesimama gari ambalo halijawashwa miaka. Mara nyingi ni Peugeot 504, ile ambayo wazee wetu wote waliiita Pijo. Mwenye gari ameshatangulia mbele ya haki, watoto wako Nairobi au Ghuba, na mjane kila wiki anagongewa mlango na watu wawili. Wa kwanza ni mnunuzi wa vyuma chakavu, anayesema gari halina thamani ila kwa kilo. Wa pili ni dalali, anayesema gari ni adimu, amwachie yeye atafute mteja, ilimradi apewe logbuku kwanza.

Wote wawili wanategemea jambo moja, kwamba mwenye mali hajui hesabu. Kwa hiyo leo nataka tueleze hesabu yenyewe: gari likiitwa adimu maana yake nini, na 504 ya Mombasa iko upande gani.

Tuanze na idadi iliyotoka kiwandani. Peugeot ilionyesha 504 kwa mara ya kwanza mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya. Ilitengenezwa Sochaux, Ufaransa, ikiwa saluni, stesheni wagon yenye safu tatu za viti, na pikapu. Vijana wakiiona leo husema ni ligari likubwa. Kwa kipimo, saluni ya 504 ina urefu wa mita 4.5 hivi, na Toyota Corolla saluni ya sasa inaipita. Kwa mizani ya leo, Pijo ya babu ni gari dogo.

Duniani kote zilitoka zaidi ya milioni tatu na nusu. Ufaransa iliacha kutengeneza saluni mwaka 1983, lakini Afrika iliendelea. Nigeria iliunganisha 425,000 hivi na Kenya 27,000 hivi, na Kenya iliendelea hadi 2004. Ukigawanya, kwa kila 504 moja iliyounganishwa Kenya, Nigeria iliunganisha karibu 16. Na katika kila mia moja zilizotoka duniani, ya Kenya haifiki hata moja.

Hizo 27,000 hazikuunganishwa mbali na sisi. Zilitoka AVA, kiwanda cha kuunganisha magari hapa hapa Mombasa, kilichoanzishwa katika miaka ya 1970 serikali ilipotaka magari yaunganishwe nchini badala ya kuletwa mazima. Gari lilifika Kilindini vipande vipande ndani ya makasha. Mafundi wetu wakachomelea bodi, wakapiga rangi, wakafunga injini, nyaya, vioo na viti, wakalijaribu, likatoka linatembea. Kuna wazee mjini humu waliosomesha watoto kwa mshahara wa kazi hiyo. Kwa hiyo mtu anaposema 504 ni gari la Mfaransa anasema kweli, lakini ile ya mlangoni kwako huenda iliungwa na mkono wa jirani yako.

Hapo pia pana mtego wa hesabu. Gari linalokwenda nchi nyingine likiwa vipande linaweza kuhesabiwa mara mbili, kule yalikotengenezwa makasha na huku lilikounganishwa. Ndiyo maana ukisikia idadi ya gari lolote, uliza kwanza ni idadi ya nini: yaliyotengenezwa, yaliyounganishwa, yaliyouzwa au yaliyosajiliwa? Dalali huchagua ile inayompendeza.

Lakini idadi ya kiwandani ni nusu ya habari tu. Nusu ya pili ni zile zilizobaki. Volkswagen Beetle, ile yenye mgongo wa kobe, ilitoka 21,529,464 hadi ya mwisho kabisa ilipotoka kiwanda cha Puebla, Mexico, mwezi Julai 2003. Zaidi ya milioni 21! Hata hivyo tembea kutoka Ganjoni hadi Mji wa Kale asubuhi nzima, uniambie umeziona ngapi. Gari laweza kuwa jingi duniani na likawa adimu mtaani.

Upande wa pili kuna gari lililozaliwa adimu. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya. Likapewa jina Nyayo Pioneer, na mwaka 1990 likazinduliwa kwa shangwe uwanjani Kasarani. Yalitengenezwa matano ya majaribio. Shirika la Nyayo Motor Corporation liliundwa ili yatoke kwa wingi, fedha hazikupatikana, na mambo yakaishia hapo. Matano! Huo ndio uadimu usiohitaji dalali, na wala hauna soko, kwa sababu hakuna anayeliuza.

504 yetu iko katikati. Ilitoka kwa wingi wa kutosha watu kuizoea, na kwa sababu tulizoea hakuna aliyeona haja ya kuitunza. Imepungua kwa sababu zinazojulikana.

Ya kwanza ni kazi. Gari hili lilifanyishwa kazi kuliko punda wa Mji wa Kale. Stesheni wagon zilibeba abiria wa masafa marefu, mpaka neno Peugeot likawa jina la usafiri wenyewe. Pikapu zilibeba mboga, simiti, mbuzi, na katika miaka ya 1980 nyingine zilifungwa bodi nyuma zikawa matatu. Gari la kazi halifi likiwa zima. Hufa kidogo kidogo, na kila likifa kiungo, kiungo hicho huchukuliwa kwa lingine.

Ya pili ni bahari. Sisi wa kisiwani twajua chumvi inavyokula bati. Gari linalolala Ganjoni, upepo wa mlango wa Likoni ukilipiga usiku kucha, hushikwa na kutu sakafuni na chini ya milango kabla injini haijachoka. Mafundi wetu huziba kwa kuchomelea vipande vya bati, na siku moja hapabaki pa kuchomelea. Ndiyo maana 504 nzuri utaiona zaidi bara kwenye ukavu kuliko hapa ilikozaliwa.

Ya tatu ni soko. Serikali ilipofungua biashara miaka ya 1990, bandari ile ile iliyopokea makasha ya vipande ikaanza kupokea magari yaliyotumika kutoka Japani na Dubai. Yalikuwa na ubaridi ndani, yanakunywa mafuta kidogo na bei yake ilikuwa nafuu. 504 haikuweza kushindana. Siwalaumu walionunua, maana kila mtu hutazama mfuko wake. Lakini kila Corolla iliyoshuka melini ilikuwa sababu ya Pijo moja kuegeshwa.

Ya nne ni sheria. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita umri wa miaka minane, na 504 ya mwisho kuunganishwa hapa ni ya 2004. Kwa hiyo hakuna nyingine itakayoshuka Kilindini kwa njia ya kawaida kujaza pengo. Beetle ikipungua Uingereza, mtu anaweza kuagiza nyingine kutoka nchi jirani. 504 ya Kenya ikisagwa leo, idadi imepungua moja na haitaongezeka tena. Kiwanda kimefunga hesabu, na sheria imefunga mlango wa bandari.

Ya tano ni mizani ya vyuma chakavu. Saluni ya 504 ina uzito wa kilo 1,200 hivi. Toa viti, mipira, vioo na plastiki, utajua mnunuzi wa kilo analipia nini hasa. Analipia bati na chuma. Hakulipi gia boksi, taa, kioo cha mbele wala difu, ingawa fundi mwenye pikapu inayotembea angevinunua kimoja kimoja. Hata gari lililokufa lina bei mbili, bei ya chuma na bei ya vipuri, na ya pili mara nyingi ndiyo kubwa.

Sasa tazameni wenzetu wanavyohesabu. Peugeot ilitoa pia 504 ya milango miwili, koupe na ile ya paa la kufunuka, zilizochorwa na Pininfarina wa Italia. Zote pamoja zilikuwa yapata 31,000. Huko Ulaya hizo huhesabiwa kuwa hazina. Zina vilabu, zina wanaozifuatilia namba kwa namba, na bei yake ni ya juu. Jean-Pierre Nicolas alishinda Safari Rally ya 1978 kwa koupe ya namna hiyo, miaka mitatu baada ya Ove Andersson kushinda ya 1975 kwa 504 ya saluni.

Mimi nauliza swali dogo. Ikiwa 31,000 ni hazina, 27,000 ni nini? Zilizotoka Mombasa ni chache kuliko zile za Pininfarina, na zilifanya kazi ngumu zaidi. Tofauti ni kwamba zile zina wenye kuziandikia daftari, na zetu zina wenye kuzipima kwa mizani. Idadi ndogo peke yake haileti thamani. Thamani huja pale watu wanapojua idadi, wana ushahidi wa gari lao, na wako tayari kulitunza.

Basi mwenye gari hilo mlangoni afanye nini?

Kwanza, usitoe logbuku kwa mtu yeyote "akaonyeshe mteja". Mteja wa kweli ataisoma mbele yako. Hakikisha namba ya chesisi iliyoandikwa humo ndiyo iliyo kwenye gari. Gari lisilolingana na karatasi zake hata liwe adimu vipi ni mzigo.

Pili, tazama namba za usajili. Mfumo wa namba zinazoanza na KAA na kumalizika kwa herufi ulianza 1989. Kama gari lako lina herufi tatu na tarakimu tu, basi lilisajiliwa kabla ya hapo, na kibao hicho ni sehemu ya historia yake. Kisiuzwe pembeni kama pambo.

Tatu, dalali akikwambia ni adimu, muulize adimu kwa lipi: kwa umbo, kwa mwaka, kwa injini yake ya asili, au kwa kuwa na mmiliki mmoja tu? Akishindwa kujibu, hiyo ni lugha ya biashara tu. Na wewe muuzaji usiseme injini ni ya asili na huku unajua ilibadilishwa. Ghushi ni ghushi, hata kwenye gari kuukuu.

Nne, ita mafundi wawili wasiojuana, wa zamani, wakupe bei tatu: likiwa zima kama lilivyo, likitengenezwa, na likiuzwa vipuri. Ndipo umsikilize mtu wa kilo.

Tano, na hili ndilo zito kuliko yote, gari la marehemu ni mirathi. Si la anayelala nyumba hiyo peke yake, wala si la mtoto wa kwanza aliyerudi likizo na haraka zake. Lina wenyewe, na kila mmoja ana fungu lake. Kuliuza kwa bei ya chuma bila kulitathmini ni kuwapunja warithi, na huenda miongoni mwao yumo yatima. Litajwe kwenye hesabu ya mali, lithaminiwe, kisha karatasi za Kadhi zitoke ndipo umiliki uhamishwe.

Sisemi kila Pijo iliyooza irudishwe barabarani. Nyingine zimekwisha, na uwanja unahitajika. Lakini ukiamua kuliuza, uza ukijua unauza nini: moja katika 27,000 zilizoungwa mjini humu, ambazo hazitaungwa tena.

Wabillahi taufiq.