Kambi ya Uvuvi na Afya ya Watoto

Baba, wakati wa uvuvi unachukua mke na watoto, mnakwenda kujenga kambi kando ya Lualaba. Ni vizuri jamaa wakae pamoja. Lakini fikiri kwanza: mtakunywa maji gani, na mtakwenda choo wapi?

Maji ya mto yanaonekana safi. Lakini watu wa kambi nyingine wanakaa juu yenu, na uchafu wao unashuka kwenu. Kwa njia hii kipindupindu kinapita toka kambi hata kambi. Basi fanyeni hivi:

1. Siku ya kwanza, mbele ya kujenga kibanda, chimbeni choo. Kiwe hatua 40 au zaidi kutoka mtoni, tena kiwe na kifuniko.
2. Chemsheni maji ya kunywa mpaka yatokote sana kwa dakika moja. Yawekeni katika chombo chenye kifuniko.
3. Naweni mikono kwa sabuni mkitoka chooni, na tena mbele ya kula.
4. Laleni wote ndani ya chandarua chenye dawa, kwa maana mbu wa malaria huuma usiku.

Mtoto akiharisha maji matupu, usingoje asubuhi. Maji ya mwili yakimwishia, anaweza kufa kwa saa chache. Twaa litre moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Mnyweshe kidogo kidogo, hata ndani ya mtumbwi, mkienda hospitali. Mama asiache kumnyonyesha.

Samaki mtapata tena kesho. Mtoto akifa, hamtampata tena.