Skizofrenia: Ugonjwa Unaotambuliwa kwa Mahojiano

Skizofrenia haionekani katika damu wala katika picha ya ubongo. Vipimo hivyo hufanywa ili kuondoa shaka ya maradhi mengine yanayoweza kumvuruga mtu akili, kama malaria iliyopanda kichwani, kaswende au kifafa. Baada ya hapo daktari humsikiliza mgonjwa na kuwahoji jamaa zake. Mwongozo unaotumika Marekani unataka dalili mbili au zaidi kati ya tano: imani potofu isiyoyumbishwa na ushahidi, kusikia au kuona yasiyokuwapo, maneno yasiyoshikana, mwenendo uliovurugika, na kufifia kwa hisia na ari. Moja kati ya tatu za kwanza lazima iwemo. Dalili hizo zidumu mwezi mmoja hivi, na ugonjwa kwa jumla uwe umeonekana kwa miezi 6.

Masharti haya yana sababu. Katika miaka ya 1960, madaktari wa New York waliwaandikia skizofrenia wagonjwa wengi kuliko wenzao wa London. Watafiti walipowahoji wagonjwa wa miji yote miwili kwa maswali yale yale, tofauti hiyo karibu iishe. Waliotofautiana zaidi walikuwa madaktari. Baadaye Shirika la Afya Duniani lilitumia mahojiano ya namna moja katika vituo 9, kikiwamo cha Ibadan, Nigeria, na wagonjwa wenye dalili za kufanana wakapatikana katika vyote.

Kuhusu chanzo, urithi una nguvu lakini hautoshi. Kwa watu wa kawaida, anayeugua maishani ni karibu mmoja katika kila 100. Pacha wa kufanana akiugua, uwezekano wa mwenzake kuugua hufika kati ya theluthi moja na nusu. Kwa kuwa jeni zao karibu hazitofautiani, kuna mengine yanayochangia. Waliotungwa mimba wakati wa njaa ya 1944–45 nchini Uholanzi waliugua takriban mara mbili zaidi ya wengine. Uvutaji bangi wa mara kwa mara katika ujana nao huongeza hatari.

Tiba ilibadilika mwaka 1952, Jean Delay na Pierre Deniker walipoanza kutumia klopromazini mjini Paris. Dawa za aina hiyo huzuia kazi ya dopamini, kemikali ya ubongo, hivyo hupunguza sauti na imani potofu, ila huweza kukaza misuli na kuleta mtetemeko. Kwa wagonjwa walioshindikana, utafiti wa 1988 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya waliopewa klozapini walipata nafuu, dhidi ya asilimia 4 ya waliopewa klopromazini. Anayetumia klozapini lazima apimwe damu mara kwa mara, kwani inaweza kupunguza mno chembe nyeupe.

Nafuu ikishapatikana, wengi huacha dawa. Majaribio 65 yaliyochambuliwa pamoja mwaka 2012 yalionyesha kuwa ndani ya mwaka mmoja ugonjwa uliwarudia asilimia 64 ya waliopewa dawa bandia, na asilimia 27 ya walioendelea na dawa halisi. Sindano ya kila mwezi humsaidia anayesahau vidonge. Familia ikifundishwa kuhusu ugonjwa na namna ya kuishi na mgonjwa bila lawama, ugonjwa hurudi mara chache zaidi.