Mwili ni wako, haiko wa kampuni

Bakamarade, mutu anashinda saa 12 mu kamyo ya mugodi, anarudia Manika ao Dilala, anasema: «Nimechoka, mazoezi ya nini?» Lakini kuchoka kwa kukaa haiko mazoezi. OMS inaomba dakika 150 kwa juma: ni dakika 30, siku 5. Kutembea mbio-mbio kunatosha.

Usingoje hamu, inakuja na kwenda. Tafuta mwenzako wa poste moja. Akikungoja ku mulango, utatoka. Poste ya usiku? Tembeeni magaribi, mbele ya kazi, mbali na vumbi ya makamyo. Pole pole utapanda ngazi ya kamyo bila kuhema, na usingizi utakuwa mutamu.

Siku mukataba utaisha, kamyo itabakia kwa kampuni. Weye utarudia nyumbani na mwili wako. Uuchunge sasa.