Karatasi ya mlangoni na watu walioipigania

Saa kumi na moja jioni, siku ya uchaguzi mkuu wa Kenya, vituo hufungwa. Waliokwisha kupanga foleni huruhusiwa kumaliza, kisha masanduku hufunguliwa mbele ya mawakala na waangalizi, na kura huhesabiwa moja moja, kila karatasi ikiinuliwa ionekane na wote. Zikimalizwa kuhesabiwa za urais, msimamizi wa kituo hujaza Fomu 34A: wapiga kura waliosajiliwa hapo, kura zilizokataliwa, na alichopata kila mgombea. Mawakala hutia sahihi. Nakala moja hubandikwa mlangoni, ili mpita njia yeyote aisome, na akitaka, aipige picha kwa simu yake.

Taifa zima huwa limekodolea macho ukumbi wa kujumlishia matokeo Nairobi, wanakokaa wakuu wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC. Mimi nashikilia kwamba penye uzito zaidi ni pale mlangoni. Na karatasi ile haikupewa uzito huo na mwanasiasa yeyote. Raia ndio walioupigania, wengine kwa jasho la mahakamani, wengine kwa kukesha vituoni.

Anayetaka kuelewa arudi Desemba 2007. Siku tatu baada ya kura, Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya wakati huo, alimtangaza Mwai Kibaki mshindi, na nchi ikawaka moto. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Siku chache baadaye Kivuitu mwenyewe alisema hajui kama kweli Kibaki alishinda. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Johann Kriegler, jaji kutoka Afrika Kusini, ilitoa ripoti yake Septemba 2008, na haikuweza kumtaja mshindi. Hesabu zilikuwa zimevurugwa kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuzinyoosha tena. Daftari lenyewe lilikadiriwa kuwa na majina ya marehemu wapatao milioni 1.2, ilhali mamilioni ya watu wazima walio hai, hasa vijana na wanawake, hawakuwamo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ya 2007 ilipotea na daftari lipo.

Tangu hapo swali likawa moja: nani ana neno la mwisho kuhusu kilichotoka sandukuni? Katiba ya 2010 ilitaka uchaguzi uwe rahisi, sahihi, salama, wenye kuhakikika na wa uwazi. Hata hivyo, sheria ya uchaguzi na kanuni zake ziliendelea kuyaita matokeo ya urais yaliyotangazwa katika maeneobunge kuwa ya muda, hadi mwenyekiti wa tume ayathibitishe Nairobi. Mwanya uleule wa 2007 ulikuwa ungali wazi.

Watatu waliokwenda kuuziba hawakuwa wagombea wa kiti chochote. Maina Kiai, Tirop Kitur na Khelef Khalifa, mtetezi wa haki wa Mombasa ambaye watu wa Pwani wanamfahamu kwa miaka yake katika shirika la MUHURI, waliishtaki IEBC. Hoja yao mtoto wa shule angeielewa: kura zikishahesabiwa mbele ya macho ya watu na matokeo yakatangazwa katika eneobunge, mtu wa Nairobi ana mamlaka gani ya kuyabadilisha? Aprili 2017 Mahakama Kuu ikakubaliana nao. IEBC ikakata rufaa. Tarehe 23 Juni majaji watano wa Mahakama ya Rufaa wakaitupa rufaa hiyo, zikiwa zimebaki wiki chache tu kabla ya uchaguzi. Kesi hii haizungumzwi sana kwenye mabaraza ya kahawa. Kwangu mimi ni miongoni mwa kazi kubwa zaidi ambazo raia wa kawaida wameifanyia demokrasia ya nchi hii.

Matunda yake yalionekana mapema. Matokeo ya Agosti 2017 yalitangazwa kabla ya Fomu zote za 34A kupatikana, na Septemba 1 Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga, kwa majaji wanne dhidi ya wawili, ikaufuta uchaguzi wa urais. Afrika haikuwahi kuona mahakama ikifuta ushindi wa rais aliye madarakani. Miaka mitano baadaye IEBC iliweka picha za Fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti yake. Wakenya waliokuwa na simu na kalamu waliketi vibarazani, mabwenini na kwenye vibanda vya M-Pesa wakijumlisha wenyewe. Kundi la waangalizi wa ndani, ELOG, lilikuwa limeweka watu wake katika vituo 1,000 vilivyochaguliwa kitaalamu, na makadirio yao yakalingana na matokeo yaliyotangazwa, ya William Ruto kupata asilimia 50.49 na Raila Odinga 48.85. Makamishna wanne kati ya saba wa IEBC walijitenga na tangazo hilo. Kesi ikafika Mahakama ya Juu tena. Lakini mabishano yale yalikuwa na kitu cha kushika mkononi, na anayedai kuibiwa aliulizwa: kituo gani, fomu ipi?

Hata hivyo fomu hiyo humlinda aliyepiga kura. Asiye kwenye sajili haimjui.

Na hapa ndipo penye uchungu. Oktoba 2021 IEBC ilianza shughuli ya kusajili watu kwa wingi ikilenga wapiga kura wapya milioni 6. Ilipata kama milioni 1.5. Awamu ya pili, mwanzoni mwa 2022, iliongeza milioni moja na ushee. Daftari lilipofungwa lilikuwa na watu 22,120,458, na vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa asilimia 39.84 tu, idadi yao ikiwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 5 kutoka 2017. Katika nchi iliyojaa vijana!

Wazee wengi hulijibu jambo hili kwa kusema vijana ni wavivu, wamezama kwenye simu. Sikubaliani nao hata kidogo. Kijana aliyeona mamake akipanga foleni tangu alfajiri mara tatu, nne, na barabara ya kijijini ikabaki ileile, ana sababu ya kuuliza. Vijana hawa hawa waliziteka barabara za Nairobi, Mombasa, Kisumu na Eldoret Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha, na baadhi yao hawakurudi nyumbani. Watu wa namna hiyo huwezi kuwaita wavivu. Walipoanza kuhimizana kujisajili, tume yenyewe haikuwa na makamishna: tangu Januari 2023, mwenyekiti Wafula Chebukati alipomaliza muda wake, viti vilikaa vitupu hadi Julai 2025, mwenyekiti mpya Erastus Ethekon na wenzake walipoapishwa. Usajili wa kila siku ulirejea Septemba 29, 2025. Miaka miwili na nusu ilipotea, na si vijana walioipoteza.

Tena usajili huo hufanyika zaidi katika ofisi ya eneobunge. Ukiwa Mvita, mjini Mombasa, kutoka mtaa wowote unafika kwa miguu. Ukiwa North Horr, kaskazini mwa Marsabit, mojawapo ya maeneobunge makubwa zaidi nchini, safari ya kwenda ofisini ni suala la siku na la nauli ambayo mfugaji atafikiri mara mbili kabla ya kuitoa. Makundi ya vijana yanayochangishana nauli, yanayoomba mashine iletwe sokoni siku ya mnada au chuoni siku ya kufungua muhula, yanafanya kazi ambayo serikali ilipaswa kuifanya. Wanaojua kazi hii husema kumshawishi mtu ndiyo sehemu nyepesi. Nzito ni kitambulisho.

Bila kitambulisho cha taifa au pasipoti halali, husajiliwi. Karatasi ya kusubiria haikubaliwi. Na kitambulisho, kwa Wakenya wa jamii fulani, kimekuwa mlima. Wanubi wa Kibra, Wasomali wa kaskazini mashariki na Waislamu wengi wa Pwani wamezoea kupigwa msasa: kuitwa mbele ya kamati, kudaiwa hati za babu, kuambiwa urudi mwezi ujao. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza kuufuta msasa huo wa ziada kwa kaunti za mipakani. Lakini tangazo la Rais na anayoyafanya karani wa ofisi ya usajili huweza kuwa mambo mawili, kwa hivyo wanaharakati wanaendelea kuwasindikiza watu hadi dirishani.

Wamakonde wa Kwale wanalijua hili kuliko wengi. Wazee wao walitoka Msumbiji enzi za ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Watoto wakazaliwa Kenya, na wajukuu vilevile, lakini hawakuhesabiwa kuwa wa nchi yoyote. Bila kitambulisho hufungui akaunti, husajili laini ya simu, hupati kazi ya ajira. Oktoba 2016, pamoja na watetezi wa haki waliosimama nao, waliondoka Kwale wakaanza safari ya miguu kuelekea Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akawaomba radhi kwa kucheleweshwa na akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Agosti 2017 walipiga kura kwa mara ya kwanza. Wapemba wa Kwale na Kilifi walifuata njia hiyo na kutambuliwa kuwa raia 2023. Mtu akiniambia kura haina maana, huwa nawataja watu hawa.

Wapo pia wasiostahili kuwa kwenye daftari. Ukaguzi uliofanywa na kampuni ya KPMG kabla ya kura ya 2022 ulikuta zaidi ya marehemu 240,000 na rekodi zilizojirudia zaidi ya 480,000. Marehemu hapigi kura, ila jina lake linaweza kutumiwa na aliye hai. Hapa hakuna mtaalamu anayemshinda jirani. Mzee wa mtaa, imamu na mchungaji wanajua nani amezikwa, na familia zikiandikisha vifo kama zinavyotangaza mazishi kwenye vikundi vya WhatsApp, kazi ya kusafisha daftari itapungua sana. Jirani huyohuyo ndiye anayeona vitambulisho vikinunuliwa na madalali wa wanasiasa, na mabasi yakisomba wageni kuja kujisajili kata isiyo yao.

Siku ya kura nayo inamhitaji jirani. ELOG na wenzao hufanya kazi ya maana, lakini sampuli ya vituo 1,000 hukadiria kura ya urais. Haiwezi kukuambia aliyeshinda kiti cha mwakilishi wa wadi yako, wala cha mbunge. Novemba 2025, katika uchaguzi mdogo wa Mbeere Kaskazini, Leo Wamuthende alimshinda Newton Karish kwa kura 494. Kituo kimoja cha kupigia kura kinaruhusiwa kuwa na wapiga kura hadi 700. Yaani tofauti ya washindani wale ilikuwa ndogo kuliko kituo kimoja kilichojaa. Fomu moja iliyokosewa, wakala mmoja aliyesinzia au aliyepewa bahasha, ingetosha kubadilisha mbunge wa watu. Mawakala hulipwa na vyama, na mara nyingi hulipwa kuchelewa au wasilipwe. Kuwategemea hao peke yao ni kuacha pengo ambalo linazibwa na raia aliyepewa mafunzo na kibali cha uangalizi, anayeifahamu fomu na kujua kuijumlisha.

Watu wa aina hiyo hawapatikani wiki moja kabla ya kura. Uchaguzi mkuu umepangwa kufanyika Agosti 10, 2027, na vikundi vinavyotaka vibali vinahitaji kuanza kuandaa majina, fedha za chakula na usafiri, na orodha ya vituo vya kata yao. Kwa ambaye bado hajasajiliwa, kinachotakiwa ni kitambulisho halisi au pasipoti halali na kufika mwenyewe katika ofisi ya IEBC ya eneobunge, kwa kuwa alama za vidole na picha huchukuliwa papo hapo. Ukiondoka omba karatasi ya kukiri usajili, na utakapofika wakati wa kuhakiki sajili, hakikisha jina lako limo katika kituo ulichokichagua.