Fundi akija na msasa, muulize kwanza

Nyumba nyingi za kupanga hapa Mombasa ni za zamani, na kila ukarabati ukianza mimi huingiwa na hofu. Fundi anakwangua rangi kuukuu kwa msasa mkavu, vumbi linatanda, na chini ya dirisha lilo hilo watoto wanacheza.

Rangi za mafuta za zamani, hasa za milango na madirisha, huenda zina madini ya risasi. Siku hizi kiwango cha juu kinachoruhusiwa nchini ni sehemu 90 kwa milioni, lakini ile iliyopakwa enzi za babu nani aliipima? Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto huathiri ubongo, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Haina harufu ya kukuonya. Tuliyaona ya Owino Uhuru, ambako mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa sumu ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Ya nyumbani ni kidogo kuliko ile, ila madini ni yale yale.

Asbesto nayo ni yale mapaa ya kijivu yenye mawimbi. Kanuni za mwaka 2006 ziliihesabu kuwa taka hatari. Paa zima likiachwa lilivyo halina shida kubwa. Shida ni kulitoboa ili kufunga antena, kulisugua kwa brashi ya waya, au kulivunja kwa nyundo: nyuzi zake hupeperuka, huingia mapafuni, na saratani yaweza kujitokeza miaka 20 au 40 baadaye. Kisha utaona vipande vimebebwa kujengea banda la kuku!

Kuondoa paa hilo ni kazi ya wenye leseni ya NEMA, na gharama, kwa maoni yangu, ni ya mwenye nyumba anayepokea kodi. Ndugu mpangaji, usikubali kupunguziwa kodi ya mwezi mmoja ili uifanye mwenyewe. Kama ni rangi, mwambie fundi ailoweshe maji kabla ya kuikwangua, watoto na mama wajawazito wahamie kwa jirani, na vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi chenye sabuni. Ufagio mkavu uuweke kando.